Mbegu zilizohukumiwa kabla ya kuota: kisa cha pilipili mbuzi Arusha

Mwaka juzi, mwishoni mwa Julai, wifi yangu anayekaa Sekei, Arusha, alinitumia picha ya kopo tupu la rangi. Chini yake aliandika: "Wifi, mbegu zako zimegoma. Udongo nimeumwaga kwenye migomba."

Zilikuwa mbegu za pilipili mbuzi. Nilizitoa mwenyewe kwenye mche ulio nyuma ya jiko langu hapa Tanga, nikampa kwenye bahasha ya khaki alipokuja Mei kwa shughuli ya harusi. Nilizihesabu, zilikuwa 65. Alisia 40, akabakiza 25. Ujumbe wake uliniuma kwa sababu nilijua zile mbegu ni nzima, na nilijua pia kilichokuwa kinamsumbua. Kaka yangu amekulia pwani. Hali wali na mchuzi bila pilipili mbuzi pembeni ya sahani, na huko aliko huzitafuta sokoni kwa shida. Wifi alitaka kumpandia mumewe pilipili ya kwao, mlangoni pake.

Nilimwomba asizitupe zile 25 zilizobaki, kisha nikaanza kumuuliza maswali. Tuliulizana kwa simu karibu wiki nzima. Nimeamua kukiandika kisa hiki chote kwa sababu tangu wakati huo nimezungumza na watu wa Lushoto, wa Njombe, na mmoja wa Limuru kule Kenya, na karibu wote wamewahi kumwaga kopo lao kama alivyomwaga yeye.

Kwa asiyeijua, pilipili mbuzi ni ile ya mviringo yenye mikunjo, inayoning'inia ikitazama chini, inayoiva njano, rangi ya chungwa au nyekundu. Harufu yake huijua kabla hujaikata. Wazee wa kwetu husema harufu hiyo ndiyo iliyoipa jina la mbuzi, na cha ajabu ni kwamba Brazil nako wanayo pilipili ya jamii hiihii wanayoiita kwa jina la beberu. Wataalamu wanaiita *Capsicum chinense*, jina alilolitoa Nikolaus von Jacquin mwaka 1776 akidhani imetoka China. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Ndugu zake ni habanero na Scotch bonnet, na pia zile pilipili zinazoshindaniwa duniani kwa ukali. Kwenye kipimo alichokibuni Wilbur Scoville mwaka 1912, jalapeno hupata kati ya 2,500 na 8,000, habanero hupata kati ya 100,000 na 350,000, na Carolina Reaper ya Ed Currie wa South Carolina iliandikwa kwenye rekodi mwaka 2013 ikiwa na wastani unaozidi 1,500,000. Mwaka 2023 mkulima huyohuyo aliivunja rekodi yake kwa Pepper X, iliyopimwa 2,693,000. Nazitaja kwa sababu mtu mwenye pakiti ya mbegu hizo kali atapita njia ileile aliyopita wifi yangu. Ukoo ni mmoja, na tabia za mbegu zake ni zilezile.

Alivyosia

Tarehe 10 Juni alichukua kopo la rangi la lita nne, akalitoboa chini, akalijaza udongo wa bustanini uliochanganywa na samadi ya ng'ombe kutoka kwa jirani. Nilimuuliza kama samadi ilikuwa imeoza. Akasema ilikuwa bado inanuka, ina unyevunyevu. Alitoboa mashimo kwa kidole, akakizamisha hadi kwenye kiungo cha kwanza, akadondosha mbegu moja kila shimo, akafukia na kushindilia kidogo. Kopo akaliweka barazani upande wa kusini wa nyumba, pasipopigwa na upepo. Kila jioni alilimwagilia maji ya bomba la nje.

Wiki tatu hazikuonyesha kitu. Siku ya 26 ilitoka miche mitatu. Alifurahi, akanipigia. Siku nne baadaye yote mitatu ilikuwa imelala chini, shingo zake pale zinapoingia kwenye udongo zimekuwa nyembamba kama uzi na zimegeuka rangi ya maji ya chai. Alivumilia wiki mbili nyingine, kisha akamwaga.

Nyumbani zilitolewa hukumu tatu. Wifi alisema mbegu ni mbovu. Kaka akasema mkono wa mkewe haupandi, neno ambalo kwa kweli lilimuumiza zaidi ya kopo lenyewe. Jirani mwenye samadi akasema pilipili za pwani hazikubali bara. Nilizichukua zote kwa uzito, kwa sababu kila moja ingeweza kuwa kweli.

Mbegu zilipimwa kwanza

Hili la mbegu lilikuwa jepesi kulijua. Kwenye chupa yangu ya kioo zilibaki mbegu za matunda yaleyale. Nilichukua 20, nikazitandaza kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, nikakunja, nikaweka kwenye bakuli lenye kifuniko juu ya kabati la jikoni. Siku ya saba nne zilikuwa zimetoa mzizi. Siku ya tisa zikawa 13. Siku ya 14 zilikuwa 17. Tatu hazikuota kabisa.

Kumi na saba kati ya ishirini ni mbegu nzuri, na sikushangaa, kwa sababu mbegu za pilipili hizi huharibika zaidi mikononi mwa mwenye kuzitoa kuliko shambani. Tunda lazima liwe limeiva rangi yake yote. Mbegu ya tunda lenye bado kijani huwa changa, hata ikionekana nene. Mimi hulichuma, nalikalisha ndani siku tatu au nne hadi lilegee, ndipo nalipasua. Mbegu nazianika kivulini kwenye sahani. Jua la mchana juu ya bati huzipika. Zikikauka sawasawa, ukizikunja zinavunjika, hazipindi. Kisha ziende kwenye bahasha, na bahasha ndani ya chupa yenye mchele uliokaangwa mkavu chini yake, kwa sababu unyevu wa pwani huua mbegu ndani ya miezi michache ukiziacha wazi.

Na vaa glavu. Ule ukali haupo ndani ya mbegu, kama wengi wanavyodhani. Umo kwenye nyama nyeupe iliyozishika mbegu, na mbegu huupata kwa kugusana nayo. Kemikali yake haiyeyuki vizuri kwenye maji, ndiyo maana unaponawa kwa maji matupu unausambaza tu. Paka mafuta ya kupikia mikononi kwanza, sugua, kisha sabuni. Kwa mdomo, maziwa au mtindi.

Kwa hiyo mbegu za kwenye chupa hazikuwa na kosa. Za kwenye bahasha aliyoondoka nayo wifi zingeweza kuwa zimeharibika njiani au jikoni kwake, na hilo tungelijua kwa zile 25.

Joto la udongo

Kaka yangu ana kipimajoto chenye sindano anachochomekea nyama siku za kuchoma. Nilimwomba wifi ajaze kopo jingine udongo uleule, aliweke palepale barazani, alimwagilie kama alivyokuwa akifanya, halafu achomeke ile sindano kina cha kidole mara tatu kwa siku. Alinitumia namba za siku nne. Zilifanana sana: alfajiri nyuzi 14, saa nane mchana nyuzi 19, saa tatu usiku nyuzi 16.

Nilipoziona nilikaa kimya kidogo. Mimi nimepanda pilipili tangu nikiwa msichana, na sijawahi hata siku moja kufikiria joto la udongo, kwa sababu Tanga udongo ni wa moto mwaka mzima. Hata Julai kusi ikivuma, usiku wetu haushuki sana chini ya nyuzi 20. Tumepewa joto bure, kwa hiyo hatulihesabu kama kitu. Tunampa mgeni mbegu, tunamwambia "fukia, mwagilia," na tunaacha kumwambia jambo ambalo sisi wenyewe hatujui kuwa tunalo.

Vipimo vya zamani vya mbegu za pilipili za kawaida vinaeleza hali hii waziwazi. Udongo ukiwa na nyuzi 30, mche hutokeza kwa siku nane hivi. Nyuzi 25, ni siku nane hadi tisa. Nyuzi 20, siku 12 au 13. Nyuzi 15, siku 25. Nyuzi 10, hakitoki kitu. Pilipili mbuzi na ndugu zake wakali ni wavivu zaidi ya hizo za kawaida. Hata kwenye joto zuri wiki mbili si ajabu, na kuna mbegu zitakazochukua nne. Kwa udongo wa nyuzi 14 hadi 19, siku 26 za ile miche mitatu ya kwanza hazikuwa kuchelewa. Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Sababu iko ndani ya mbegu yenyewe. Kiinitete cha pilipili, yaani kimche kilicholala ndani ya mbegu, kimezungukwa na tabaka gumu la chakula chake, na ncha ya mzizi haiwezi kutoka mpaka vimeng'enya, yaani kemikali za mbegu yenyewe, vilainishe tabaka hilo mbele yake. Kazi ya vimeng'enya hivyo inategemea joto. Baridi haiiui mbegu; inaipunguzia kasi kiasi kwamba mzizi unabaki umefungiwa ndani, mbegu imeshalowa, imeshavimba, na imezungukwa na kuvu wa udongoni ambao baridi haiwasumbui.

Upande wa kusini nao ulichangia. Arusha iko kusini mwa ikweta, na mwezi wa Juni jua hupita kaskazini. Baraza ile haikupata jua hata la dakika moja. Kaskazini mwa nyumba, ukutani, ndiko kulikokuwa na joto, na ndiko kaka alikokuwa akiegesha pikipiki.

Miche mitatu iliyolala iliuawa na kinyausi. Wakulima wa vitalu wanakijua vizuri: kuvu na vimelea jamii ya *Pythium* na *Rhizoctonia* hula shingo ya mche usawa wa udongo, na ukishauona umelala hakuna cha kuuokoa. Udongo uliolowa kila wakati na wenye ubaridi ndiyo nyumba yao. Samadi mbichi iliwaongezea chakula na kuunguza mizizi michanga kwa chumvi zake. Kile kina cha kiungo cha kidole kilimaanisha kwamba mche ulisafiri karibu sentimita mbili na nusu gizani, tena polepole, kabla ya kuona mwanga. Nusu sentimita ingetosha, na isiwe zaidi ya moja.

Kwa hiyo jirani alikuwa na nusu ya ukweli. Ubaridi wa bara ndio ulioziweka chini zile mbegu. Lakini ubaridi wa ndani ya kopo unaweza kubadilishwa kwa gharama ndogo sana.

Juu ya king'amuzi

Nilimuuliza wifi: ndani ya nyumba yako, ni kitu gani ukikigusa ni cha vuguvugu mchana na usiku? Akafikiri, akasema: king'amuzi.

Alichukua kile kibakuli cha plastiki chenye mfuniko ambacho watu huwekea kiporo. Akatandika karatasi ya jikoni mikunjo miwili, akailowesha kwa maji ya vuguvugu, akamwaga yaliyozidi mpaka ukiinamisha bakuli hakitiririki kitu. Mbegu zote 25 zilizobaki akazitandaza zisigusane, akafunika kwa karatasi nyingine, akafunga. Juu ya king'amuzi akaweka taulo dogo lililokunjwa, kisha bakuli. Kabla ya kuweka mbegu tulipima: bila taulo ilifika nyuzi 36, ambayo ni nyingi, kwa taulo ilikaa kati ya 27 na 29. Usiku tulikubaliana kisizimwe. Kila siku alifungua kwa dakika moja zipate hewa, akikuta karatasi inakauka ananyunyiza.

Siku ya nane zilichungulia mbili. Alinipigia saa 12 asubuhi, na sauti yake siisahau. Siku ya 11 zilikuwa 12. Siku ya 16 zilikuwa 20. Mbili zilioza, tatu zilikaa kimya hadi tukazikatia tamaa. Bahasha haikuwa na kosa, wala mkono wake. Nilimwomba kaka amwambie hivyo yeye mwenyewe, na alimwambia.

Kuanzia hapo tulikwenda kwa uangalifu. Mbegu iliyotoa mzizi wa milimita chache ihamishwe mara moja, kwa kuwa ukiuacha mzizi unajisuka kwenye karatasi na kukatika. Udongo wa vikombe ulichujwa, ukaloweshwa kidogo, ukachomwa kwenye sufuria kuukuu iliyofunikwa, nusu saa juu ya moto mdogo, kisha ukaachwa upoe usiku kucha. Ulichanganywa na mchanga wa mtoni na makumbi ya nazi yaliyosagwa niliyomtumia kwa basi. Samadi haikuwekwa hata chembe. Mche mchanga unakula kilicho ndani ya mbegu yake mpaka majani halisi yatokee. Vikombe vilikaa dirishani upande wa kaskazini, karibu kabisa na kioo. Maji aliyaweka kwenye sinia chini, yakapanda yenyewe, na juu ya udongo akaacha pakauke.

Alipoteza miwili tu. Kumi na minane ikatoa majani mbegu, yale mawili ya kwanza, kisha majani halisi, na ilipofika jozi ya tatu alianza kuizoesha nje: saa moja ya jua la asubuhi, kesho yake mbili, mpaka wiki ya pili ikalala nje. Kumi aliwagawia watu, akiwemo yule jirani. Minane akaihamishia kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa, udongo sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja, mchanga sehemu moja. Hii ilikuwa katikati ya Septemba. Pikipiki ilihamishiwa upande wa kusini.

Alipotaka kung'oa tena

Mwezi wa Oktoba ilikuja picha nyingine. Majani ya juu ya miche mitano yalikuwa yamekunjamana kuelekea chini, yamekuwa membamba, magumu, na ncha imesimama bila kukua. "Wifi, ni virusi. Wa duka la pembejeo kasema ning'oe nichome moto kabla haijaambukiza."

Virusi vipo kwenye pilipili na ushauri wa kung'oa ni sahihi vikiwepo. Lakini nilimwomba asubiri siku moja, anipigie picha ya chini ya jani changa kwenye mwanga wa jua. Jani lilikuwa na mng'ao wa rangi ya shaba upande wa chini. Hakukuwa na mabaka ya njano na kijani, na halikujikunja kwenda juu kama linavyofanya mara nyingi linapopata ugonjwa unaoletwa na inzi weupe. Majani ya chini ya mche, yale ya zamani, yalikuwa mazima kabisa. Huyo ni utitiri, aina ile ndogo mno ambayo huioni kwa macho, inayokaa kwenye vichipukizi tu na kufyonza jani likiwa bado halijafunguka. Pilipili mbuzi inapendwa sana na mdudu huyu. Mimi nimepoteza miche kwa kumdhania kuwa ugonjwa, miaka ya nyuma, kabla mtaalamu mmoja wa kilimo hajaniazima kioo chake cha kukuzia.

Dawa za kawaida za kuua wadudu mara nyingi hazimgusi, kwa kuwa yeye si mdudu wa miguu sita. Ukoo wake ni wa buibui na kupe. Salfa humuua. Watu wa korosho wanaijua salfa ya unga vizuri. Kwa ndoo za nyumbani wifi alinunua ile ya kuchanganya na maji, akafuata kipimo cha kwenye pakiti, akavaa barakoa na glavu, akapulizia jioni, chini ya majani hasa, akarudia baada ya siku saba. Usiipulizie wakati wa jua kali, na usiipulizie ndani ya wiki mbili ukiwa umetumia dawa ya mafuta, maana vikikutana vinaunguza majani. Ncha zilizoharibika sana alizikata.

Majani yaliyokwisha kukunjika hayakunyooka, na hayanyooki. Lakini baada ya wiki tatu vichipukizi vipya vilitoka vipana na laini. Mitano yote ilipona. Ingekuwa majivu.

Maua ya kwanza, mwanzoni mwa Novemba, yalipukutika karibu yote. Hapo hatukufanya chochote. Usiku ukiwa chini ya nyuzi 15 au 16 maua ya pilipili hizi hayashiki vizuri, kama ambavyo huku kwetu hayashiki mchana ukipita 32 na usiku ukakataa kupoa. Usiku ulipopata joto yakashika. Alikuwa akitikisa matawi kidogo saa nne asubuhi, ili chavua ianguke. Mwisho wa Januari kaka alipata pilipili yake ya kwanza, nyekundu, kwenye mchuzi wa samaki. Nimeambiwa hakusema neno mpaka sahani ilipokwisha.

Kule kwenye migomba

Sasa nirudi kwenye udongo uliomwagwa, kwa sababu ndio ulionifanya nikiandike kisa hiki.

Wiki ya pili ya Oktoba, wifi akiwa bado na wasiwasi wa ule utitiri, alikwenda kumwaga maji ya kuoshea vyombo kwenye migomba. Pembezoni, pale panapopata jua la asubuhi, aliona miche mitano midogo ikiwa imesongamana mahali pamoja. Majani yake yalifanana na ya ile ya kwenye ndoo. Alinitumia picha bila maneno.

Nilitaka sana ziwe ni mbegu zangu, na kwa sababu hiyohiyo nilijilazimisha kutoamini haraka. Ingeweza kuwa hoho iliyotoka kwenye maganda ya jikoni. Ingeweza kuwa pilipili kichaa iliyoletwa na ndege: ndege hawausikii ule ukali kama sisi, hula matunda na kuziacha mbegu nzima popote wanapotua, na juu ya migomba ile wanatua wengi. Miche ikiwa midogo huwezi kuapa. Nikamwambia aiache, apunguze ibaki miwili iliyonenepa, aiwekee matandazo, tungoje.

Januari ilitoa maua. Yalikuwa meupe yenye ukijani, yakitoka mawili na matatu kwenye kifundo kimoja. Hoho hutoa moja moja. Hapo hoho ikaondoka kwenye orodha. Kichaa ilibaki, kwa sababu maua yake nayo ni ya kijani kijani na yanaweza kutoka zaidi ya moja. Tofauti ingekuja kwenye tunda: kichaa ni jembamba na husimama likitazama juu.

Katikati ya Machi alinitumia picha aliyoipiga amechuchumaa chini ya mche, kamera ikitazama juu. Tunda lilikuwa linaning'inia. Mviringo, lenye mikunjo, lenye ncha iliyorudi ndani, na pale kikonyo kinapokutana na tunda palikuwa na ule mbonyeo kama wa kamba iliyokazwa, alama ya pilipili mbuzi ambayo kichaa haina.

Zilikuwa zimo kwenye ule udongo muda wote. Zililala Julai na Agosti zikiwa zimemwagwa, juu ya ardhi ya baridi, na udongo ulipopata joto mwezi wa Septemba zikaendelea pale zilipoachia. Kati ya 37 zilizokuwa hazijatoka, 32 sijui ziliishia wapi. Nyingi bila shaka ziliozwa na ile samadi. Tano ziliishi.

Mwezi wa Aprili wifi alikuja Tanga na bahasha mbili za khaki. Moja aliiandika "Ndoo". Nyingine aliiandika "Migomba". Hii ya pili alinipa mimi, na ya kwanza akaniambia nimgawie atakayekuja kuomba. Ndani ya bahasha yangu mlikuwa na mbegu 48, zimekaushwa vizuri, zinavunjika. Nimezisia juzi, kwenye kikasha kilicho nyuma ya jiko, kina cha nusu sentimita, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimechomeka kipimajoto kwenye udongo wa Tanga. Saa 12 asubuhi kilisoma nyuzi 26.